Mgao Upi

Nilirudi Maposeni msimu wa palizi, begi moja mgongoni, nikamkuta dada yangu amesimama mlangoni mwa mashine yake ya kusaga, mikono kiunoni, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. Hakuniuliza nimetoka wapi. Swali hilo aliliacha zamani, kwa sababu majibu yangu huwa marefu. Alisema tu, "Afadhali umekuja. Wewe si ulifanya kazi kwenye gesi? Haya, nieleze. Hiyo gesi itatosha au haitatosha?"

Nilidhani anazungumzia mtungi wa kupikia. Nikamwambia inategemea anapika maharage au chai.

"Mtungi gani, wewe! Gesi ya umeme. Redioni kila siku ni gesi, maji, gesi, maji, na mwishowe umeme hakuna. Mimi nataka jibu moja."

Nikaingia ndani kuona kilichomkera. Chumba kilikuwa na kinu kimoja na vitu viwili vya kukizungusha. Kushoto palikuwa na injini ya dizeli, ya kijani, nzito kama ng'ombe aliyelala, imefungwa kwa bolti kwenye zege. Marehemu shemeji aliinunua kabla nguzo hazijafika kijijini, na kwa miaka mingi mlio wake ndio uliowajulisha watu kwamba kwa dada kunasagwa. Kulia palikuwa na mota ya umeme, ndogo na tulivu, aliyoifunga mara tu nyaya zilipofika. Ukitaka hii unahamishia mkanda huku, ukitaka ile unahamishia kule. Mota ilipokuja, injini ilipumzika, ikawa mahali pa kuku kutagia. Kisha mgao wa umeme ukaanza. Umeme ukawa unakuja asubuhi unaondoka mchana, au hauji kabisa, na dada akarudi kuzungusha hendeli na kununua dizeli iliyokula karibu kila alichopata.

Sasa kulikuwa na mtu aliyeitaka injini. Alikuwa mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma, aliyefika Songea kwa shughuli zake. Kijijini kwao nyaya hazijafika. Alikuja Maposeni, akaisikiliza injini inavyonguruma, akaigonga kwa kifundo cha kidole kama anayegonga mlango wa mkwe, wakapatana bei. Kilichobaki ni dada kusema ndiyo. Angeiuza, angenunua mashine ya kukoboa, maana siku hizi watu wanataka sembe, na aliyekwenda kukoboa kwa jirani husagia hukohuko. Lakini akiiuza na umeme ukazidi kukatika, kinu kingekaa kimya mchana kutwa, na wateja wake wangehamia Peramiho, ambako kulikuwa na mashine mbili za dizeli zilizokuwa zikiwangoja kwa hamu. Kinu hicho ndicho kilichomlisha na kusomesha wanawe. Hakuwa na kingine zaidi ya shamba.

"Kwa hiyo," alisema, "nikijua gesi itatosha, nauza. Nikijua haitatosha, siuzi. Wewe umekaa nayo. Sema."

Ni kweli nilikaa nayo, kwa jinsi yangu. Shule niliiacha nikiwa kidato cha pili, si kwa ujinga wala kwa ada, bali kwa sababu nilichoka kusomewa habari za mahali ambapo ningeweza kwenda mwenyewe. Nilikwenda. Huko Lindi nilichimba mtaro wa bomba la gesi, miongoni mwa vijana wengi wenye sururu, na baadaye Dar es Salaam nilifyeka majani kando ya uzio wa mtambo unaofua umeme kwa gesi hiyohiyo. Gesi yenyewe sikuwahi kuiona, maana haionekani. Niliona mabomba ya rangi ya fedha, nikasikia mvumo usiokoma, nikahisi joto likitoka juu ya bomba la moshi ambalo halikutoa moshi. Kila aliyepita na kofia ngumu kichwani nilimuuliza swali. Wengine walinifukuza. Wengine walinijibu hadi nikasahau panga langu nyasini.

Nikachukua pumba, nikazimwaga sakafuni na kuzitandaza, nikamchorea kwa kidole. Hapa ni bahari. Hapa ni Mtwara na hapa ni Kilwa, gesi inatoka chini ya ardhi, chini ya maji. Inasafishwa, inaingia bombani, inakwenda kaskazini hadi Dar es Salaam. Huko inachomwa, inazungusha mitambo, inakuwa umeme. Umeme unapanda juu ya nyaya, unapita Morogoro na Iringa hadi Makambako, unageuka kushoto, Njombe, Madaba, Songea, halafu hapa kwako. Ukiwa njiani unachanganyika na umeme wa mabwawa, na huwezi kujua unaoingia kwenye mota yako ni wa maji au wa gesi.

Wanawake waliokuwa wakingoja umeme walisogea kuangalia. Ndoo zao zilikuwa zimepangwa foleni mlangoni zenyewe, kila ndoo na nafasi yake, wenyewe wakikaa kivulini. Mmoja alisema, "Ngoja. Mtwara si ni huko mbele ya Tunduru? Basi moja tu kutoka hapa?"

"Ndiyo."

"Na hiyo gesi inatoka Mtwara, inakwenda Dar, inazunguka Makambako, ndiyo ije Maposeni?"

"Ndiyo."

"Sasa nimekuelewa. Inatembea kama wewe."

Walicheka hadi mmoja akapiga teke ndoo yake. Dada hakucheka. Alikuwa akitazama pumba. "Na pale mwanzo," alisema, akionyesha bahari, "pana kiasi gani?"

Hilo ndilo swali. Nilimwambia niliyoyajua. Visima vinavyotumika vinachoka polepole. Presha inashuka kama soda iliyoachwa wazi, na inabidi vichimbwe vingine au vifungwe mitambo ya kuisukuma gesi. Gesi nyingi zaidi iko mbali, chini ya bahari ya kina kirefu, inazungumzwa tangu nikiwa kijana na bado inazungumzwa. Mvua ikiwa nzuri mabwawa yanajaa, gesi inapumua. Mvua ikikataa, mzigo wote unaangukia gesi, na mtambo mmoja ukifunguliwa kwa matengenezo, Songea inazimika. Na wanaoitaka wanaongezeka. Viwanda vya saruji vinaitaka. Dar es Salaam kuna bajaji zinapanga foleni kuitia. Na kila nguzo mpya inayosimikwa kijijini ni mdomo mmoja zaidi.

"Hayo ni maneno mengi," alisema dada. "Mimi nimeuliza itatosha."

Usingizi wangu haukuwa mzuri. Mimi swali likiniingia hukaa kama kipande cha muwa katikati ya meno. Kesho yake nilidandia gari la mahindi hadi mjini. Karibu na soko nilimkuta fundi wa umeme juu ya nguzo, mwenzake chini ameshika kamba. Nikasalimia, nikauliza kwa sauti, "Kaka, hivi gesi ya kufulia umeme, kwa miaka ijayo, mnaionaje?"

Aliyekuwa juu aliacha kazi akanitazama. "Miaka ijayo?"

"Ndiyo."

"Mzee, unataka kujua ya miaka ijayo, au unataka kujua kama jioni utaangalia mpira?"

"Vyote."

"Mpira nenda kwa mwenye jenereta. Miaka ijayo nenda kwa wanaovaa tai." Akageukia nyaya zake. Yule wa chini alinihurumia, akasema kuna bwawa kubwa jipya la Rufiji, likishika kazi sawasawa mgao utakuwa hadithi, kisha akaongeza kwamba hata hivyo nchi inakua, na bwawa nalo linategemea mawingu. Nikamshukuru. Alikuwa amenipa yaleyale niliyompa dada, ila kwa maneno machache.

Nikatembea. Mimi siwezi kufikiri nikiwa nimekaa. Mbele ya duka moja la pembejeo palikuwa na umati, wanawake na wanaume wenye simu mkononi na vitambulisho, wanangoja mbolea ya ruzuku. Kwetu Ruvuma hakuna neno linalosikika zaidi ya hilo msimu wa mvua. Mgao wa mbolea umekuja? Mgao umefika kata gani? Nimekosa mgao. Nikiwa pale nikakumbuka mhandisi mmoja wa kule kwenye uzio, aliyenieleza kwamba mbolea ya kukuzia, ile nyeupe ya punje, hutengenezwa kwa gesi. Wanachukua gesi na hewa tu, alisema, na joto kali, wanapata mbolea, na ulikuwepo mpango wa kujenga kiwanda kama hicho huko pwani. Nilisimama katikati ya barabara hadi pikipiki ikanipigia honi. Kumbe mahindi ya dada yanaweza kuihitaji gesi mara mbili, shambani na mashineni. Kiwanda cha mbolea na mtambo wa umeme vingekuja kunyang'anyana bomba moja. Nilitamani kumwambia mtu, lakini kila mtu pale alikuwa na foleni yake.

Niliporudi nilimshauri dada jambo la kawaida kabisa: asiuze sasa, angoje mgao wa umeme uishe kwanza. Akampigia simu yule mtu wa Tunduru, nami nikiwa kando. "Baba, bei yetu ni ileile. Mgao ukiisha nakupigia, unakuja kubeba." Yule akajibu kwamba ana siku chache tu za kukaa Songea, lakini inshallah atangoja.

Ningetakiwa kukaa pale kumsaidia. Sikuweza. Mvua ilikuwa inanyesha na kuacha, umeme unakuja na kuacha, na mimi katikati nikiwa sina cha kufanya ila kuhamisha mkanda. Nikasikia Matogoro kuna mtu anataka msaada wa kuchimba msingi wa nyumba. Nikaenda, nikachimba kwa siku kadhaa nikiutazama mlima uliofunikwa na msitu, nikijiuliza maji yanayoteremka pale yanafika bwawa gani au yanapotea bure.

Niliporudi Maposeni ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Sikusikia injini wala mota. Ndani ya chumba cha mashine nilikuta bolti zimesimama kwenye zege zenyewe, na katikati yake doa jeusi la oili lenye umbo la injini. Dada alikuwa amekaa kwenye gunia, simu mkononi, anatazama taa ya dari. Taa haikuwaka.

"Umeuza?" nikauliza.

"Mgao umekwisha," alisema. "Nimeambiwa umekwisha. Na kweli, jana kutwa umeme haukukatika. Leo asubuhi umewaka vizuri. Gari limeondoka, nimesaga debe la kwanza, la pili, puu. Umezimika. Nimepiga simu mjini, wananiambia ratiba ni ileile, zamu yetu ni hadi jioni."

"Nani alikuambia umekwisha?"

Alinyoosha mkono kwa jirani. Jirani yetu ni bibi mmoja mjane, mkulima hodari kuliko vijana wote wa kitongoji kile. Alikuwa uani kwake anafunga kuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umerudi tena, wewe usiye na kituo?"

"Nimerudi. Bibi, ulimwambia dada mgao umekwisha?"

"Nilimwambia. Si umekwisha kweli?" Akatua kuni. "Nimetoka hapa alfajiri na kitambulisho changu, nafika dukani, mlango umefungwa. Mgao umekwisha! Nikapita hapo mashineni kwa hasira, nikamwambia mwenzangu ajue, asiende kupoteza nguvu."

"Bibi, mgao upi?"

"Upi tena? Wa mbolea! Kuna mwingine?"

Dada alikuwa amenifuata nyuma. Niliona uso wake ukibadilika. Nilitegemea alie, lakini alicheka, kicheko kifupi kibaya, kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Bibi," alisema, "nami nikakushukuru. Nikakupa na muwa."

"Nikashangaa," alisema bibi. "Nikajiuliza, huyu anafurahi nini nikikosa mbolea?"

Hakukuwa na wa kumlaumu. Mtu mwenye mashine akisikia mgao anasikia umeme. Mtu mwenye shamba anasikia mbolea. Dada ana vyote viwili, ila siku ile masikio yake yalikuwa mashineni.

Wateja waliokuwa wakingoja walianza kunyanyua ndoo. Mmoja, kisha mwingine, wakaelekea njia ya Peramiho. Dada aliwatazama mpaka wa pili alipopinda kona. Kisha akaingia ndani, akatoka na zile fedha zimefungwa kwenye kitenge, akaniambia, "Ita bodaboda."

Tulikwenda mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja, mimi nyuma kabisa, matope yakituruka hadi kifuani. Njia nzima dada alikuwa akimwambia dereva wa pikipiki akimbie, na mimi nikimwambia asikimbie. Gari tulilikuta mjini, upande wa kutokea kwenda Namtumbo, limeegeshwa mbele ya mgahawa. Injini ya kijani ilikuwa nyuma, imefungwa kwa kamba, imefunikwa nusu kwa turubai. Mwenyewe alikuwa ametoka kuswali, miguu ingali na maji, anakunywa chai.

Alimsikiliza dada hadi mwisho. Dada alieleza yote, bibi, duka, mlango uliofungwa, kitenge mkononi. Watu wa mgahawani wakasogea. Mmoja akaanza kucheka, akaacha alipoona hakuna anayemuunga mkono.

"Nyie Wangoni," alisema yule mtu mwishowe. "Babu zenu walikuja kutunyang'anya watu na ghala za nafaka. Nyie mmekuja kuninyang'anya injini niliyoinunua kwa fedha yangu."

"Babu zetu walikuja na mikuki, baba," alisema dada. "Mimi nimekuja na fedha yako yote na tope."

Watu wakaguna kwa kufurahi. Yeye alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Dada yangu, sikiliza. Mke wangu ameshawaambia watu. Wanawake wa kwetu wanatwanga, au wanatembea nusu siku na mahindi kichwani. Nyinyi hapa mnagombana na mgao. Sisi hatujaufikia hata huo wa kugombana nao."

Hapo nikaona kwamba hakuna mtu mbaya hapa, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi, maana mtu mbaya angenirahisishia. Nikaanza kuzunguka gari, nikagusa turubai, nikarudi, nikaondoka tena.

"Tulia wewe!" dada alinikemea. "Njoo hapa. Wewe ndiye mwenye gesi. Umesikia yote. Sema mbele yake, nisije nikamrudisha mtu na gari tupu kwa sababu ya woga wangu. Itatosha?"

Walinitazama wote, hata mwenye mgahawa. Nilitamani niwe nimevaa tai. Nikasema nilichokiamini. "Mwakani nadhani itatosha. Mabwawa yatakuwa yamejaa na lile jipya litakuwa linafanya kazi. Miaka mingi mbele sijui, maana kila mtu anaitaka gesi ileile. Na mwezi ujao pia sijui."

"Mimi nakula mwezi ujao," alisema dada.

"Hata wa kwetu," alisema yule mtu, "wanakula mwezi ujao."

Alikaa akizungusha glasi ya chai. Kisha akasema, "Dini yangu inaniruhusu nikukatalie, maana tuliuziana kwa ridhaa. Na inanipa thawabu nikikubali kuivunja biashara uliyoijutia. Ngoja nimalize chai nijue nataka kipi."

Aliimaliza taratibu sana. Nadhani ndiyo chai ndefu zaidi niliyowahi kuingoja. Halafu akasimama, akamwambia dereva wake ageuze gari.

Maposeni tulifika jua lingali juu. Tulisaidiana kuishusha kwa magogo, dereva, mimi, na wanaume wawili waliotoka shambani na majembe. Tuliirudisha juu ya bolti zake. Nilipokuwa nakaza nati, simu ya yule mtu ililia, akaiweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi. Alikuwa mkewe. Alizungumza Kiyao, kisha kwa ajili yetu, au kwa hasira, akahamia Kiswahili.

"Injini iko wapi?"

"Imerudi kwa mwenyewe."

Nyuma ya mkewe tulisikia sauti za watu wengi. "Baba watoto, mimi nina watu hapa. Wamekuja na mahindi yao tangu asubuhi, wamekaa uani kwangu wanangoja mashine. Niwaambie nini?"

"Waambie ilikuwa kosa la neno. Nitaeleza nikifika."

"Neno haliliki." Tukamsikia akishusha pumzi. "Basi njoo na unga."

Simu ikakatika. Yule mtu akafuta mikono kwenye majani, hakumtazama yeyote. Dada alikuwa amesimama na hendeli mkononi. Akaiweka chini, akaingia ndani kwake, akaanza kuburuta magunia ya mahindi kutoka chumba cha kuhifadhia, moja baada ya jingine, mahindi yake mwenyewe aliyoyaweka yangoje bei nzuri. Walipatana bei pembeni kwa sauti ya chini, na walipomaliza hakuna aliyeonekana amemshinda mwenzake.

Mlio wa injini ulipopaa, ndoo zilianza kurudi. Wanawake walikuta mlangoni magunia ya Tunduru yametangulia foleni. Yule aliyenifananisha na gesi aliuliza kulikoni, akaelezwa.

"Mgeni atangulie," alisema. "Lakini asirudi na gari la pili."

"Na ugali wetu je?" mwingine alilalamika, mama mwenye mtoto mgongoni. "Watoto wangu nao ni wageni?" Alisema hivyo, na hakuisogeza ndoo yake, na hakuondoka. Bibi jirani alikuja bila kuitwa, akasimama chini ya mdomo wa kinu akishika magunia yafunguke vizuri. Unga ulimwagika mikononi mwake hadi viwikoni.

Gunia la mwisho lilipojaa nikachukua kamba nilishone. Dada alinipiga mkono. "Usifunge! Umekaa na umeme hadi umesahau unga? Umetoka kwenye kinu ni wa moto. Ukifunga sasa utatoka jasho, kesho una harufu, keshokutwa una donge." Akamgeukia yule mtu. "Yabaki midomo wazi hadi yapoe. Mtu akae nayo nyuma, ashikilie turubai upepo usiupeperushe, na mvua ikija afunike."

Yule mtu alitazama anga, akatazama gari, kisha akanitazama mimi. Dada naye akanitazama. Nilikuwa nimeshaanza kulitafuta begi langu.

"Huku ndiko Mtwara, eh?" dada aliniambia nilipopanda juu. Alilazimika kupaza sauti ishinde injini. "Ukifika kule kwenye gesi uliza vizuri. Halafu usirudi na hadithi, rudi na jibu." Kisha akageuka, maana ndoo ya kwanza ilikuwa inamngoja.

Niliketi katikati ya magunia, mgongo juu ya moja, miguu juu ya jingine, ncha za turubai mkononi. Mjini Songea tulipita taa zikiwa zimewaka. Baada ya hapo barabara ikaingia kwenye mashamba na misitu, na kando yake nikaona nguzo kubwa za chuma zikielekea huko tulikokwenda. Nilijaribu kuzifuata kwa macho nijue zinafika wapi, zikapotea nyuma ya kilima. Yule mtu alichungulia kwenye kidirisha cha nyuma ya kiti, akaniuliza kama unga bado una joto. Nikatia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kifundo, nikamwambia bado, dereva aendeshe polepole. Aliniuliza tena kabla ya Namtumbo, na tena baada ya mto, na kila mara nilitia mkono kabla ya kumjibu, kwa sababu huko nyumbani kwake kulikuwa na watu wengi uani, na hili nililijua kwa uhakika.

Mvua ilianza tukiwa tumeshapita Namtumbo. Nikagonga bodi ya gari, dereva akasimama, tukashona midomo ya magunia sote watatu kwa haraka, tukiwa tumeinamia unga ili matone yatupige sisi migongoni. Ulikuwa umepoa.